Stovu ya Mafuta Taa Ikitoka, Kazi Yake Itafanywa na Nani?

Siku hizi vikundi vingi vimeamua kuondoa stovu za mafuta taa katika nyumba za wanachama na kununuliana gesi kwa zamu, kama vile zamani tulivyonunuliana sufuria na blanketi. Ni jambo zuri. Lakini hebu pita katika nyumba hizo baada ya miezi sita. Mara nyingi utakuta mtungi umesimama pembeni ukiwa mtupu, umefunikwa kitambaa kilichoshonwa vizuri, na redio iko juu yake. Stovu ya zamani imerudi jikoni. Si kwamba wanachama ni wakaidi. Kikundi kilinunua chombo kipya bila kuuliza kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi gani mle nyumbani.

Basi tuulize sasa. Chukua nyumba ya kawaida ya sehemu zetu za baridi, tuseme Kinangop, Limuru, Molo au Timboroa: kuta za mbao au mawe, paa la mabati, vyumba vitatu, na mahali pa kupikia kwenye chumba cha nyuma. Mafuta taa hufanya kazi tatu humo. Yanapika chai ya asubuhi na ugali wa jioni. Yanawasha koroboi au kandili ili watoto wasome. Na kazi ya tatu, ambayo hakuna mtu huiandika kwenye daftari, ni kupasha nyumba joto. Stovu ikiwaka saa mbili jioni, chumba kinapata uvuguvugu na wazee wanasogeza viti.

Ukitoa stovu na kuleta gesi, umejibu kazi moja tu kati ya hizo tatu. Hakuna mtu anayeweza kuacha gesi iwake ovyo kwa ajili ya kuota moto. Kwa hiyo baridi ya Julai ikiingia, jiko la makaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, na hapo ndipo tunapoteza watu. Ndiyo maana tunasema: stovu isitoke mpaka kila kazi yake iwe imepata mwenyewe.

KWA NINI MAFUTA TAA YAONDOKE

Zamani sababu ya kukaa na mafuta taa ilikuwa moja: yalikuwa bei ya chini. Sasa mambo yamebadilika. Mnamo Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, ili kuwazuia wale wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya mafuta taa na dizeli. Tangu hapo ule unafuu wa zamani haupo tena. Gesi nayo imekuwa ikipanda na kushuka na ushuru wake: VAT iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa kuwa asilimia 8 Julai 2022, kisha ikaondolewa tena Julai 2023. Kwa hiyo kikundi kisichukue hesabu ya mwaka juzi. Bei ya juu kabisa ya mafuta taa hutangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, lakini ya gesi haitangazwi hivyo. Ya gesi mtaiuliza dukani wenyewe, na maduka mawili ya soko moja yanaweza kutofautiana.

Kuna pia moshi. Koroboi isiyo na kioo hutoa masizi mengi sana kwa mwanga kidogo. Mwangalie mtoto aliyesoma nayo usiku, asubuhi akipenga kamasi utaona ni nyeusi. Masizi hayo hayo ndiyo yaliyo kifuani.

Halafu kuna ajali. Mafuta yaliyochanganywa na petroli hata kidogo yanaweza kulipua stovu, na mnunuzi hawezi kujua kwa kuangalia rangi. Wengine hujaza stovu ikiwa bado inawaka au ina moto. Na watoto wadogo hunywa mafuta kwa sababu tumeyaweka kwenye chupa ya soda. Hapa tuseme wazi: mtoto akinywa mafuta taa, usimtapishe. Usimpe maziwa au maji ya chumvi ili atapike. Mafuta yanapopanda tena huingia kwenye mapafu, na madhara ya mapafu ndiyo yanayoua. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe ile chupa daktari aione.

MWANGA: ANZA HAPA

Kazi iliyo rahisi kuondolewa mafuta taa ni mwanga, na sisi tungeshauri kila kikundi kianze nayo hata kama gesi itangoja mwaka mzima. Taa ndogo ya sola hununuliwa mara moja, na baada ya hapo hakuna mafuta ya kununua. Ile pesa iliyokuwa ikienda kwenye koroboi kila jioni inabaki nyumbani, na inaweza kuwa ndiyo mwanzo wa akiba ya gesi.

Mambo machache tu. Paneli iwekwe nje juani, si nyuma ya kioo cha dirisha. Kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo angalia saa nne na tena saa tisa kama bado jua linaifikia. Ipanguse vumbi. Tena wale wa sehemu za ukungu wakumbuke kwamba Julai jua ni haba: taa iliyotosha Januari inaweza kuzimika saa mbili usiku. Nunueni kubwa kidogo kuliko hesabu ya wakati wa kiangazi, na mdai karatasi ya dhamana.

KUPIKA: NYUMBA KWANZA, MTUNGI BAADAYE

Kabla ya kwenda dukani, mwenye nyumba asimame jikoni aangalie. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama moshi, bali inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, na kujikusanya mahali palipo chini. Dirisha dogo la juu ambalo lilitosha moshi wa stovu halitoshi gesi. Pawe na nafasi ya hewa chini pia: mlango wenye uwazi kwa chini, au tundu la ukubwa wa tofali karibu na sakafu, likiwekewa wavu wa kuzuia panya. Mtungi usiwekwe ndani ya shimo, wala chini ya kitanda, wala kando ya moto wa kuni. Usimame wima siku zote.

Wengi huanza na meko, yaani mtungi wa kilo 6 ambao moto wake unakaa juu ya mtungi wenyewe. Ni wa bei nafuu na hauna mpira wa kupasuka. Lakini fikiria ugali wa watu wanane. Sufuria kubwa imekaa juu ya kitu kirefu chembamba, na mama anasonga kwa nguvu zake zote. Meko huyumba. Kwa familia ndogo ni sawa kabisa, bora iwe na fremu ya chuma ya kuishika, na fundi yeyote wa kuchomelea vyuma anaweza kuitengeneza. Kwa familia kubwa ni afadhali mtungi wenye regyuleta na mpira, na jiko lenyewe likae kwenye meza imara au jukwaa la chini. Mpira ukiwa mgumu, umepasuka au unanata, ubadilishwe bila mjadala.

Kupima kama inavuja hakuhitaji kiberiti. Tumia povu la sabuni: paka kwenye kiungo, na kama povu linachemka, inavuja. Ile harufu mbaya ya gesi huwekwa makusudi kiwandani, kwa sababu gesi yenyewe haina harufu. Ukiisikia usiku, usiwashe stima wala usiizime, usiwashe kiberiti wala tochi. Funga mtungi, fungua milango yote, toa watu nje. Mlango hufaa kuliko dirisha, kwa sababu gesi iko miguuni.

Sasa mtungi wenyewe. Chagueni wa kampuni ambayo wakala wake yuko kwenye soko lenu, si ule ambao mtu ameletewa zawadi kutoka Nairobi. Kulingana na kanuni za 2019, mjazaji haruhusiwi kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila makubaliano nayo, na mtungi usiojulikana kwenu unaweza kukaa mtupu mwezi mzima. Unaponunua, angalia kifuniko hakijafunguliwa, kisha upime. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake. Jumlisha kilo 6, au 13, na mizani ionyeshe hivyo. Muuzaji asiye na mizani, mwache. Na anayejaza mitungi nyuma ya nyumba kwa bei ya chini, mkimbie kabisa. Tunakumbuka usiku wa Februari 1, 2024 kule Embakasi, Nairobi, ambapo watu walikufa na nyumba zikaungua baada ya mlipuko katika kituo cha gesi kisichokuwa na leseni.

HESABU YA KUJAZA

Hapa ndipo mitungi mingi huishia kuwa meza ya redio. Mafuta taa hununuliwa ya shilingi ishirini, ya shilingi hamsini, kulingana na kilicho mfukoni. Gesi haiko hivyo. Inaisha ghafla, mara nyingi jioni, na inataka pesa zote kwa mkupuo mmoja. Mtungi wa kwanza ni furaha ya kikundi. Wa pili ni shida ya mama peke yake.

Kwa hiyo hesabu ifanywe mapema. Kwa kukadiria, gesi ya kilo 6 hufanya kazi ya jikoni ambayo ingefanywa na lita kama 10 za mafuta taa kwenye stovu ya kawaida, maana gesi ina nguvu zaidi na joto lake halipotei sana. Kila mwanachama aandike kwa mwezi mmoja mafuta anayonunua ya kupikia, hata yale ya shilingi ishirini. Tuseme nyumba fulani inatumia lita 8 kwa mwezi. Basi mtungi wa kilo 6 utaifikisha wiki tano hivi. Chukua bei ya kujaza kwenu, gawanya kwa tano, na hiyo ndiyo pesa inayotakiwa kuwekwa kando kila wiki. Halafu linganisha na bei ya lita 10 za mafuta taa hapo hapo kwenu. Kama gesi ni ghali zaidi kwa mwezi huo, afadhali mjue mapema.

Maoni yetu ni kwamba kikundi chenye pesa kidogo kisinunue mitungi 20. Kinunue 10, na pesa nyingine iwe mfuko wa kujaza. Mweka hazina akae na daftari lake tofauti, mwanachama aweke kidogo kidogo kila wiki, na gesi ikiisha kabla akiba haijatimia, mfuko ujazie, yeye arudishe kwa wiki mbili au tatu. Mfuko huu usikopwe kwa karo wala kwa matanga, kwani mambo hayo ni makubwa na yana mifuko yao. Ukiguswa mara moja hautarudi.

NA MAHARAGWE JE?

Hakuna anayependa kuchemsha githeri kwa gesi. Kule juu ni vigumu zaidi: kwenye mita 2,400 maji huchemka yakiwa na joto la digrii kama 92 tu, si 100, ndiyo maana maharagwe ya Kinangop huchukua muda kuliko ya Mombasa hata mkiwa na moto sawa.

Kuna njia mbili, na nyumba nyingi zitatumia zote. Ya kwanza ni kubaki na jiko zuri la kuni kwa vyakula vigumu, kama lile ambalo Maendeleo ya Wanawake walilieneza miaka ya 1980, likajengewa vizuri kwenye jiko la nje. Hakuna aibu kuwa na majiko mawili. Ya pili ni kikapu cha kupikia bila moto, ambacho akina mama wengi wanajua kukishona: kikapu kikubwa, ndani kina mito iliyojazwa vitambaa au sponji, sufuria inakaa kama yai kwenye kiota na kufunikwa na mto mwingine. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, weka maji mapya, yachemshe kwa nguvu nusu saa hivi, kisha uyaingize kikapuni yakiwa bado yanachemka na usifunue saa nne au tano. Yachemshe tena kabla ya kula. Ile nusu saa ya kwanza usiiruke: maharagwe mekundu yana sumu ambayo huondolewa na kuchemka kwa nguvu, na joto dogo la kikapu peke yake haliiondoi.

JOTO: KAZI ILIYOSAHAULIKA

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku kule juu huweza kushuka chini ya digrii 10, na mabati hayazuii kitu. Kila msimu huo tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la makaa na haikuamka. Waliokufa huwa hawakuona moshi. Makaa yakiwa mekundu na mazuri, bila moshi wowote, ndipo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, halafu usingizi. Usingizi huo ndio hatari, kwa sababu anadhani ni uchovu.

Kuna mambo husemwa vijijini ambayo hayasaidii. Ati weka beseni la maji kando ya jiko litanyonya sumu. Gesi hii haiyeyuki vizuri majini. Ati mwenye kuumwa apewe maziwa. Sumu iko kwenye damu kupitia mapafu, si tumboni. Dawa ni hewa: mtoe nje haraka, umpeleke hospitali, na uwaambie alilala na jiko, maana wasipojua wanaweza kudhani ni malaria. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata dakika tano za kupasha joto, hata likiwa jiko okoa la bei. Jiko okoa hupunguza makaa, haliondoi sumu.

Sasa wazee wafanye nini? Tunashauri nyumba ipashwe joto kwa kuizuia isipoteze lile iliyo nalo. Joto hupanda, na nyumba ya mabati isiyo na dari hulipoteza lote usiku. Kama mwanachama ana pesa ya kitu kimoja tu, aweke dari kwenye chumba cha kulala cha wazee au cha watoto, hata kama vyumba vingine vitangoja. Chini ya mlango aweke gunia lililokunjwa, pazia zito dirishani, katoni au mkeka chini ya godoro, kwa sababu baridi nyingi hutoka chini. Uwazi mdogo wa hewa karibu na paa uachwe, usizibe kila kitu. Na chupa ya maji moto, yale ya mpira yanayouzwa kwenye duka la dawa, ikifungwa kwa kitambaa na kuwekwa miguuni, itamsaidia mzee kuliko jiko zima. Maji hayo unayachemsha kwa gesi dakika chache.

Familia inayotaka kuota moto kabisa ijenge jiko la kuni lenye bomba la moshi. Bomba lipite juu ya kilele cha paa, mbao za paa ziwe mbali nalo nusu mita hivi, na tundu la mabati likatwe kubwa kuliko bomba na kuzibwa kwa kola ya bati, si kwa gunia wala karatasi. Lisafishwe masizi kabla ya Juni kila mwaka. Hii ni kazi ya fundi anayejua, na kikundi kinaweza kumlipa kwa nyumba tano kwa pamoja akapunguza bei.

MAFUTA YALIYOBAKI NA STOVU YENYEWE

Mkimaliza, mtabaki na vitu viwili. Mafuta yaliyobaki yasimwagwe kwenye choo, shamba wala mto. Yatumieni mpaka yaishe, au yapakwe kwenye majembe na mapanga yasishike kutu. Mtungi wa plastiki uliokaa mafuta usiwekewe tena maji, maziwa wala mahindi, hata ukioshwa kwa sabuni mara kumi. Uandikwe alama ya hatari au utobolewe.

Stovu nayo, kama tambi zake zimeisha na tangi lina kutu, isipelekwe kwa nyanya kule nyumbani ati bado inafanya kazi. Yeye ndiye anayeona vibaya na kuinuka polepole. Iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, tangi likiwa limemwagwa mafuta yote na kuachwa wazi juani siku mbili.